Kigoda cha Baba Mkwe

Jumapili, 1 Machi 1987

Ukungu tangu alfajiri. Nikisimama mlangoni naona migomba mitatu tu, wa nne umemezwa. Mvua bado, ingawa Mama anasema goti lake limeshaanza kuitangaza.

Daftari jipya. Utaratibu ni ule ule wa daftari la zamani: hali ya hewa, shughuli za siku, na saa niliyolala, ambayo naijaza kesho yake asubuhi. Mafuta ya taa hayajaonekana dukani tangu katikati ya Februari, kwa hiyo nitaandika kabla ya giza.

Baada ya ibada kikundi cha sanaa kilikutana darasa la sita. Mwalimu Raymond amepata barua kwamba mashindano ya vikundi vya vijiji yatafanyika Same mjini, Jumamosi ya tarehe 9 Mei. Kikundi cha kwanza kitakwenda Moshi. Tutapeleka "Zamu ya Maji". Huu ni mwaka wa nne tunaucheza, na miaka mitatu yote mimi ndiye niliyekuwa Namkunda, mjane kijana anayenyang'anywa na mama mkwe zamu yake ya maji ya ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia, hadi mahindi yake yanakauka huku ya jirani yanabeba. Mama Anaeli huwa mama mkwe. Mzee Tumainieli huwa baba mkwe. Mimi pia ni katibu. Nimesimama kama Namkunda mara kumi na nne. Nimehesabu katika madaftari.

Nililala saa tatu.

Jumatano, 4 Machi

Mvua ya kwanza. Kopo chini ya mchirizi limejaa kidole kimoja.

Nimerudi kutoka chama cha msingi, ambako ni karani wa kahawa, nimemkuta Mama ana mgeni. Anaitwa Stumai. Ana miaka ishirini na miwili. Ametoka shamba la mkonge huko bondeni, ambako hawajalipwa mshahara miezi mitano, amepanda huku kutafuta vibarua vya palizi. Mama alimkuta amejikunyata barazani pa kanisa, kalowa. Baba yake alikuja kukata mkonge kutoka Songea, akazikwa huko huko. Shule aliishia darasa la pili.

Atalala chumbani kwangu kwa sababu chumba kingine kina mahindi. Sikuulizwa.

Nililala saa nne.

Jumatatu, 9 Machi

Manyunyu. Nusu kidole. Mgeni anacheka hadi jirani anauliza kuna nini.

Jumamosi, 14 Machi

Mvua usiku kucha, vidole vitatu. Njia ya lori imekatika mahali pawili.

Naandika polepole ili niandike sawasawa.

Stumai alinifuata mazoezini "kutazama tu". Alikaa dirishani. Wakati wa mapumziko Mama Anaeli akamwuliza maisha ya mkonge yakoje. Hakujibu kwa maneno. Akasimama, akatoa tumbo, akawa nyapara anayehesabu mafungu ya mkonge huku anajikuna. Tulicheka, hata mimi. Kisha akageuka upande wa pili akawa mkataji anayesikia kwamba mafungu yake hayakutimia. Hakusema kitu. Alitazama mikono yake tu, mmoja baada ya mwingine, kama anatafuta uliomdanganya. Kicheko kikaisha darasani kama mtu amefunga mlango.

Mwalimu Raymond akasema, "Hebu njoo hapa. Jaribu Namkunda."

"Sijui kusoma, mwalimu."

"Husomi. Dada Rogathe atakusomea, wewe useme."

Nikamsomea: *Maji yangu yamepita mlangoni kwangu yakaenda kwa mwingine, na mimi nimeyasikia yakipita.* Akairudia. Mama Anaeli, ambaye hapo anatakiwa kumkazia macho, aliinamisha uso.

Nje, chini ya paa la bati, mwalimu akaniambia, "Dada, usinielewe vibaya. Wewe unaigiza mwanamke mwema. Yule anaigiza mwanamke."

"Wema una ubaya gani?"

"Hauna. Ila mtu mwema akinyang'anywa maji, watazamaji wanasema pole. Yule akinyang'anywa, wanataka kuinuka kwenye viti."

Kisha akaomba nimfundishe maneno, kwa kuwa hajui kusoma na analala chumbani kwangu. Watu wote walikuwa wanasikiliza. Nikasema sawa.

Jioni nilitoa madaftari yangu ya kidato cha nne. *Mhusika ni chombo cha mwandishi cha kubebea ujumbe.* Nilipata themanini na mbili katika mtihani ule.

Nililala saa saba.

Jumanne, 17 Machi

Mvua. Vidole viwili. Kazini mchana. Sikumsemesha.

Jumamosi, 21 Machi

Mawingu, jua kidogo saa sita.

Tunafundishana kila jioni kabla ya giza, nyuma ya jiko. Nasoma sentensi mara mbili, ananirudishia bila kukosea. Ningependa akosee. Anauliza maswali ya ajabu.

"Dada, huyu Namkunda anapenda kula nini?"

"Haimo kwenye mchezo."

"Najua haimo. Ndiyo maana nauliza."

"Makande," nikasema ili aninyamazie.

"Na mumewe, alikuwa anampenda?"

"Imeandikwa hapa: analia."

"Aa, kulia! Hata kwa moshi mtu analia."

Mama, ambaye alikuwa anachochea kuni, alicheka hadi akashika ubavu. Miaka mitatu nilisema maneno yale yale hapo hapo, na Mama aliniambia kila mara, "Vizuri, mwanangu," bila kuinua macho kutoka kwenye chungu.

Nililala saa tano.

Jumatatu, 30 Machi

Mvua kubwa, vidole vinne, kopo limepinduka.

Wiki iliyopita nilipanga foleni Same kwa muda wa saa nne nipate mche wa sabuni. Leo nimekuta Mama ameukata vipande viwili na kumpa Stumai kipande kikubwa. "Mwenzio anashinda matopeni," akasema. Mimi nashinda kwenye mizani ya kahawa, sawa, siyo matope.

Pale dukani walikuwa wanamwita "Namkunda". Aliitika.

Jumamosi, 4 Aprili

Ukungu. Kidole kimoja.

Leo tulifika tukio la mwisho. Namkunda amekwenda kwa baba mkwe kudai zamu yake. Baba mkwe amekasirika, ametoka nje, na kigoda chake kimebaki katikati ya nyumba. Namkunda yuko peke yake. Mimi nilikuwa napiga magoti karibu na mlango na kusema sentensi ya mwisho.

Mazoezini hatuna kigoda. Mzee Tumainieli anacho cha marehemu baba yake, cha mti mmoja, lakini hakitoi ovyo. Atakileta siku ya mashindano tu. Tunatumia debe lililopinduliwa. Stumai aliingia, akatazama huku na huku, akajitupa juu ya debe kama mtu aliyetembea kutwa, akasema maneno yake akiwa amekaa. Mwalimu Raymond akapiga makofi. Mwalimu ni mtu wa Ukerewe, hajui ya kwetu. Wengine walikuwa wameshatoka, wanafunga madirisha na kuzungumza mambo ya mbegu. Tena waliliona debe, na debe ni debe.

Kwetu mkamwana hakai kwenye kigoda cha baba mkwe. Hata akifagia, hakisogezi. Anafagia kukizunguka au anaita mtu mwingine akiondoe. Mama aliishi na babu miaka kumi na moja na hakukigusa cha babu hadi siku alipokufa. Hakuna aliyenifundisha jambo hili na sijui nililijua lini.

Nilikuwa na mswada mkononi. Nilifungua mdomo. Kisha mwalimu akasema, "Safi sana, hivyo hivyo," nikaufunga.

Nitamwambia kesho.

Jumapili, 5 Aprili

Mvua. Sikumwambia.

Jumatano, 8 Aprili

Mvua, vidole viwili. Tumerudia tukio la mwisho nyuma ya jiko. Alikaa kwenye debe la maji. Nilitaka kusema. Akanitazama, akangoja. Nikamwambia avute pumzi kabla ya neno "mlangoni".

Jumatatu, 13 Aprili

Mvua. Nilitaka kusema. Sikusema.

Jumapili, 19 Aprili. Pasaka

Jua! Kopo kavu. Mbuga ya chini inaonekana yote hadi Same, na bati za mjini zinametameta.

Mama Anaeli alikuja kula nasi. Baada ya chakula alimchukua Stumai kule migombani wakakaa muda mrefu. Nilisikia kicheko, halafu kimya, halafu kicheko tena. Waliporudi waliacha mazungumzo. Sitauliza. Mtu akitaka kupendwa na kila mwanamke wa kijiji hiki na apendwe.

Nililala saa sita.

Jumamosi, 25 Aprili

Mvua. Mazoezi. Alikaa kwenye debe.

Jumamosi, 2 Mei

Mvua, vidole vitatu. Mazoezi ya mwisho. Alikaa kwenye debe. Nimejifanyia hesabu: nimepata nafasi kumi na saba za kumwambia. Nimejiambia pia kwamba mkalimani wa mila si mimi, kwamba mwalimu ndiye kiongozi, kwamba ajifunze mwenyewe kama tulivyojifunza sisi. Nikisoma sababu tatu zikiwa zimepangwa hivi, naona hakuna hata moja.

Stumai alipokuwa anakunja kanga ya Namkunda, kanga yangu, alisema, "Dada, hakuna kitu umesahau kuniambia?"

"Hakuna."

"Haya."

Nililala saa nane.

Jumapili, 10 Mei

Mawingu mazito, mvua haijaanguka. Nitaandika ya jana.

Tuliteremka na lori la kahawa saa kumi na moja alfajiri. Mzee Tumainieli alikaa mbele na dereva, kigoda kimefungwa kwa shuka mapajani mwake. Same kulikuwa na joto na upepo wa vumbi kana kwamba masika hayajafika huko. Madukani mjini vitu vimerudi, sukari imepangwa mlangoni, na kila mtu anauliza bei halafu anaondoka.

Ukumbi ulijaa. Mstari wa mbele walikaa wazee wa milimani, wanaume kwa wanawake, wote mafundi wa kusema "hiyo siyo". Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na mswada, wa kukumbusha maneno. Stumai hakuhitaji kukumbushwa hata neno moja. Kila walipocheka nilihesabu: hapa mimi sikuchekewa. Kila waliponyamaza: hapa kwangu walikohoa.

Tukio la mwisho. Mzee Tumainieli akatoka kwa hasira, akapita kando yangu, akasimama. Kigoda cha baba yake kikabaki peke yake katikati ya jukwaa, cheusi kwa kukaliwa miaka mingi. Stumai akaingia. Akatembea hadi pale. Akageuka, akaanza kushuka.

Bibi mmoja wa mstari wa mbele akaweka kiganja mdomoni. Mzee Tumainieli akasema, taratibu kabisa, "Hapana, mwanangu."

Moyo wangu ulifurahi. Naandika kama ulivyokuwa. Ulifurahi kwa muda wa kuhesabu moja, mbili.

Kisha Stumai akasimama katikati ya kukaa. Hajakaa, hajainuka. Akakitazama kigoda kupitia begani. Akafungua mdomo kama anataka kukiambia kitu. Akaufunga. Akaufungua tena. Ukumbi mzima ulikuwa unamngoja, na mimi nilikuwa nimekamata pazia kwa mikono miwili. Akaufunga. Halafu akateremka pembeni, taratibu, akakaa chini kwenye vumbi, kigoda kikiwa ubavuni mwake, akasema sentensi ya mwisho kwa sauti ya mtu anayezungumza na mto wake wa kulalia.

Walisimama. Yule bibi alikuwa analia na kumpiga jirani yake begani.

Tumekuwa wa kwanza. Tunakwenda Moshi mwishoni mwa Juni. Mkuu wa waamuzi alishika kipaza sauti akauliza nani alielekeza jambo lile la kigoda, kwa sababu hajaona mtu akiigiza heshima na hasira kwa pamoja namna ile. Mwalimu Raymond akanivuta mkono. "Ni katibu wetu, dada Rogathe. Ndiye aliyemfundisha kila neno na kila hatua. Mimi nisingelijua, mimi mtu wa ziwani."

Wakanipigia makofi. Stumai alikuwa kando yangu, naye alipiga, huku ananitazama.

Niliinamisha kichwa kuwashukuru.

Kwenye lori waliimba hadi nyumbani. Mimi na Stumai tulikaa bega kwa bega bila kuimba.

Saa niliyolala: naacha wazi.

Jumatatu, 11 Mei

Mvua. Sikupima. Saa: wazi.

Jumanne, 12 Mei

Mvua hadi saa nne. Vidole viwili.

Jioni tulikuwa tunachambua maharage, yeye na mimi. Mama alikuwa kwa jirani. Nikasema, "Stumai, ulijuaje?"

"Kujua nini, dada?"

"Kigoda."

"Aa." Akatupa punje iliyooza. "Mama Anaeli aliniambia Pasaka. Alisema, mwanangu, ukikaa pale Mzee Tumainieli atakibeba kigoda chake akapande lori katikati ya mchezo."

"Mbona uliendelea kukaa kwenye debe?"

"Nilikuwa nakungoja."

Nilichambua maharage mazuri pamoja na mabovu.

"Kila tukifika hapo unafungua mdomo," akasema. "Najiambia, leo anasema. Halafu unafunga. Siku ya pili hivyo hivyo. Nikabaki nakuangalia tu. Ile niliyoifanya Same, unadhani niliipata wapi?"

Ukumbi mzima ulilia kwa ajili ya mdomo wangu.

"Ulinikasirikia?"

"Sana! Juma zima. Kuna siku niliitia chumvi chai yako, ukanywa yote." Akacheka. "Halafu nikaona, ah, hiki ni kitu kizuri. Nikakiweka. Umenipa bure, dada."

"Na Same, mbona hukusema? Wananipigia makofi na wewe unapiga."

"Niseme nini? Zamu ile ilikuwa yako."

Saa: wazi.

Jumamosi, 16 Mei

Manyunyu. Nusu kidole.

Kikao cha kikundi. Kwanza Mama Anaeli akatoa habari kwamba Moshi hataweza. Binti yake yuko Tanga anajifungua Juni na lazima aende. Tutatafuta mama mkwe mwingine. Kisha Mwalimu Raymond akataka jambo la kigoda liingizwe katika mswada. "Katibu, andika: Namkunda anataka kukaa, anajizuia, anakaa chini. Kwenye mabano weka: kama alivyoelekeza Rogathe."

Niliandika hadi "anakaa chini". Mkono ukakataa. Mwandiko wangu nauheshimu; haujaandika uongo hata kwenye kilo moja ya kahawa.

Nikasimama. "Sikuelekeza. Nilijua tangu tarehe 4 Aprili kwamba anakosea, nikamwacha. Nilitaka akosee mbele ya watu. Alichofanya ni chake."

Mvua ilisikika kwenye bati. Mwalimu alinitazama kama mtu anayesoma kibao cha njia kilichogeuzwa. Mzee Tumainieli alichukua kofia yake akatoka. Akarudi kuchukua mwavuli, akatoka tena.

Aliyesema kwanza ni Mama Anaeli. "Basi mwalimu usihangaike. Mama mkwe mmempata. Mpeni Rogathe, wivu anao tayari, hatahitaji mazoezi."

Walicheka. Stumai alicheka kuliko wote, kisha akaziba mdomo. Nilisema sitaki, nikachukua daftari langu nikaondoka kabla ya maombi ya kufunga.

Saa: wazi.

Jumapili, 17 Mei

Ukungu.

Baada ya ibada Mama alinipeleka kwa Mzee Tumainieli. Hakusema neno njia nzima isipokuwa, "Vaa kanga vizuri."

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kaa."

Mama alipewa kiti. Mimi sikuonyeshwa. Nikakaa chini.

"Ungemwacha akikalie kigoda cha baba yangu, Same nzima inatazama."

"Ndiyo, baba."

"Halafu kesho yake ungekuja kanisani."

"Ndiyo, baba."

Akaweka kofia yake gotini. "Mimi kwenye mchezo ni mtu mbaya. Sokoni wananiita baba mkwe mbaya, siudhiki. Nikimaliza kucheza namwacha yule bwana palepale shuleni, narudi nyumbani na mimi wangu, ambaye naye ana ubaya wake. Wewe umecheza mtu mwema miaka mitatu, ukamvaa mpaka nyumbani. Ukaona huna haja ya kujitazama tena."

Mama alikuwa anatazama sakafu. Nadhani alikubaliana naye.

"Kigoda nitakitoa Moshi," akasema. "Utakibeba wewe. Mapajani, njia nzima, usikiweke chini."

"Asante, baba."

Njiani nilimwomba Mama tupitie kwa Mwalimu Raymond. Nikamwambia naitaka nafasi ya mama mkwe. Hakuuliza kwa nini.

Jumapili, 24 Mei

Mvua nyembamba, kidole kimoja. Naandika asubuhi kwa kuwa jana giza lilituwahi.

Bado nina wivu. Nauandika kwa sababu upo. Jana mwalimu alimpa Stumai kitabu cha kisomo cha watu wazima nikahisi ameninyang'anya herufi zangu. Nitamfundisha herufi hizo mimi mwenyewe, kuanzia kesho, na najua nitahisi hivyo hivyo.

Usiku nilikuwa nimeshajilaza nikijaribu maneno ya mama mkwe, na mswada siuoni kwa giza. Stumai, kutoka kitandani kwake, akanipa sentensi. Anaujua mchezo mzima kwa kichwa, nafasi za watu wote. Miezi miwili nilidhani namfundisha Namkunda peke yake.

"*Maji hayana jina la mtu,*" akasema. "*Yakipita kwangu ni yangu.* Haya."

Nikarudia.

"Hapana, dada. Unasema kama mtu anayeona haya. Mama mkwe haoni haya. Anaogopa."

"Anaogopa nini?"

"Mimi niulizwe? Wewe ndiye unayejua."

Nikamfikiria mwanamke ambaye amekaa katika nyumba yake miaka mingi, kila kitu kimepangwa, kisha anakuja kijana mmoja kalowa na watu wote wanageuza vichwa. Nikaisema tena. Sikuigiza wema wala ubaya. Niliisema tu, nayo ikatoka kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia nje ya kichwa changu.

Kutoka chumba cha pili Mama akaita, "Rogathe! We Rogathe! Mbona unamfukuza mwenzio usiku huu?"

Stumai aliuma mto ili asicheke. Kitanda chake kilikuwa kinatetemeka. Nami nikauma wangu.

Nililala saa tatu na robo.